Aliyemkatia Babu Simu

Babu Rangel alipoanguka kutoka kwenye mti wa mapeasi, jambo la kwanza alilouliza halikuwa habari ya mguu wake. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi, peasi moja bado iko mkononi, akaniambia, "Nedka, kaangalie kama simu inafanya kazi."

"Babu, mguu wako umetazama upande."

"Mguu nauona. Simu ndiyo siioni. Nenda."

Nilijua kinachomsumbua. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, na mwezi mmoja mbele yetu kulikuwa na siku ya Malaika Wakuu. Kwetu kila jina lina sikukuu yake, na siku hiyo ni ya akina Rangel, akina Gavril na akina Mihail wote. Mwenye jina haaliki mtu. Mlango unaachwa wazi, meza inaandaliwa, na kila anayekukumbuka anakuja au anapiga simu. Babu ana kaka mmoja tu, naye anaitwa Gavril, kwa hiyo sikukuu yao ni moja. Tangu Babu Gavril ahamie Ruse, mji ulio kando ya mto mkubwa, miaka arobaini iliyopita, ndugu hao wana mchezo wao. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, si dakika moja kabla, wa kwanza kumpata mwenzake kwenye simu ndiye mshindi, na aliyeshindwa hupeleka dumu la rakia, ile pombe kali ya matunda, kwa basi.

Mwaka jana mshindi alikuwa babu. Baada ya salamu wakafika, kama kila mwaka, kwenye mti wa mapeasi. Ugomvi wao ni huo mmoja: nani aliupanda. Babu husema ni yeye. Babu Gavril husema ni yeye, na kwamba wakati ule Rangel alikuwa bado anakojoa kitandani. Wanaufurahia sana ugomvi huo, nadhani kuliko rakia yenyewe. Lakini babu hawezi kugombana akiwa amekaa. Akipandisha mori, lazima atembee. Aliinuka na simu sikioni, akatoka chumba cha wageni, akashika korido kuelekea mlango wa nyuma ili autazame mti huku akiutetea. Mimi nilikuwa nafagia. Nilimwona akisimama ghafla, akaitoa simu sikioni, akaitazama kama imemtemea mate.

"Amenikatia," alisema. "Gavril amenikatia simu. Siku ya jina lake na langu."

"Si umpigie tena," Bibi Tsonka alisema.

"Mimi? Aliyekata ndiye anayepiga."

Babu Gavril hakupiga. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Bibi alijaribu kupiga kwa siri mara mbili. Mara ya kwanza hakupokea mtu, mara ya pili babu akaingia. Mmoja ana miaka sabini na sita, mwingine themanini, na dumu la mshindi halikuja. Babu alikuwa akisema amekwisha kumsahau kabisa mtu huyo, halafu baada ya kitambo kidogo ananiuliza kama nimesikia hali ya hewa ya Ruse ikoje.

Sasa alikuwa kitandani, plasta mpaka pajani, katika chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho chenye jiko la kuni. Simu yetu ni ile isiyo na waya. Mkono wake, kile kipande cha kusikilizia na kuongelea, unaubeba utakako, lakini kitako chake kimekaa chumba cha wageni, juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, kwa kuwa waya wa nguzoni unaingilia hapo. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna korido. Simu ya mkononi kijijini kwetu hushika mtandao juu makaburini tu, na babu alisema huko hana haraka ya kwenda.

Siku ya kwanza aliporudi kutoka hospitali, binamu wa bibi alipiga kumpa pole. Niliuchukua mkono wa simu nikampelekea. Katikati ya korido ukaanza kukwaruza kama mtu anakaanga samaki. Nilipokanyaga kizingiti cha babu, kimya.

Babu aliushika mkono ule uliokufa, akaugeuza huku na huku. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Unajua itakavyokuwa, mjukuu wangu," alisema. "Gavril hawezi kuvumilia miaka miwili. Atapiga. Na hii takataka itakatika katikati ya neno lake, naye atasema nimelipiza. Hapo ndiyo basi. Tutaonana kwa malaika wenyewe, na huko pia atakuwa amenuna."

Bibi akamwita Kuncho.

Kuncho ni jirani yetu, alikuwa fundi wa redio kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Alikuja na mfuko wa vyombo vyake na glasi yake mwenyewe, maana glasi za bibi anaziona ndogo.

"Mama Tsonka," alisema, "simu ya namna hii ni redio tu. Mwenye kelele kubwa ndiye anayesikika. Tumtafute mwenye kelele."

Akazima televisheni.

"Mpira wangu!" babu akapiga ukelele kutoka chumba cha nyuma.

"Unapoteza mechi ili umpate kaka yako, Mzee Rangel!"

"Kaka nitampata Novemba, mechi ni leo!"

Mkwaruzo ukabaki. Kuncho akachomoa taa za rangi, akachomoa redio, akanyoosha mkono kwenye friji. Bibi akasimama mbele yake. "Ukiizima friji yangu, Kuncho, nami nitakuzima." Friji ikasalimika. Akafungua mkono wa simu, akatoa betri, akatuonyesha: ilikuwa imevimba kama mdudu aliyeshiba. Kesho yake akaleta mpya kutoka mjini. Simu ikaacha kufa baada ya dakika kumi, lakini koridoni ikakatika kama kawaida.

Akabonyeza kitufe cha kubadili chaneli. Mara tukasikia mtoto analia ndani ya simu, na sauti ya mwanamke ikimwimbia. Bibi akafanya ishara ya msalaba.

"Si mzimu," Kuncho alisema. "Ni Velina wa pale ng'ambo. Ana kile kidude cha kusikilizia mtoto akiwa usingizini. Kinapita kwenye njia moja na simu yenu."

Akavuka barabara, akazungumza na Velina, wakakubaliana chaneli ipi iwe ya nani. Aliporudi ule ukaangaji wa samaki ulikuwa umekwisha kabisa, chumba cha wageni sauti ilikuwa safi kama maji. Tukashangilia. Kuncho akajimiminia glasi ya tatu. Nikauchukua mkono wa simu, nikaenda kwa babu, na kwenye kizingiti kilekile, kimya.

"Palepale?" Kuncho akauliza.

"Palepale."

"Basi imezeeka. Nunueni nyingine."

"Ina miaka miwili na nusu!" bibi akasema. "Wewe una sitini na mbili na hatujakutupa."

Kuncho akaahidi kwamba baada ya sikukuu ataleta waya mrefu tukihamishe kitako. Baada ya sikukuu! Babu alijigeuzia ukutani, kadiri plasta ilivyomruhusu.

Mimi sikusoma kupita shule ya msingi ya hapa kijijini, na mambo ya mawimbi siyajui. Lakini neno lile, palepale, lilinikaa kichwani nikiosha vyombo. Kitu kilichozeeka huchoka popote. Trekta la zamani linazima leo kwenye mlima, kesho sokoni. Simu hii ilikuwa ikichagua mahali. Tena nikakumbuka kwamba mwezi wa Mei babu aliongea na mwuza vifaranga huku amesimama kwenye banda la kuku, mwisho kabisa wa shamba, na hakuna kilichokatika. Mei ilikuwaje ifike bandani, na Oktoba isifike kitandani?

Siku mbili kabla ya sikukuu, bibi alipokwenda dukani, nilijaza mfuko wa aproni maharage. Ipo namba ya simu ambayo mwanamke hutaja saa bila kuchoka, mchana kutwa. Nikaipiga, nikaanza kutembea. Kila mahali mwanamke yule aliponyamaza, niliweka harage moja sakafuni. Aliporudi, nilipita bila kuweka. Nilifanya hivyo koridoni kote, chumba cha babu chote, na nje kuzunguka nyumba.

"Unapanda nini chumbani kwangu?" babu akauliza.

"Natafuta, babu."

"Ukiota mharage chini ya kitanda, Gavril atasema kaupanda yeye."

Nje ndiko nilikostaajabu. Chini ya mti wa mapeasi, hatua thelathini kutoka nyumbani, yule mwanamke alisema saa saba na dakika ishirini na sita, wazi kabisa. Kwenye banda la kuku, wazi. Lakini nyuma ya dirisha la babu, kimya. Umbali haukuwa na kosa. Nikarudi ndani, nikasimama mlango wa mbele, nikayatazama maharage yangu. Hayakutapakaa ovyo. Yalianzia koridoni, membamba, kisha yakapanuka mpaka ukuta wa mwisho wa chumba cha babu, kama kivuli jioni. Na kivuli hakijileti chenyewe. Nikakifuata kurudi nyuma mpaka mahali kinapoanzia.

Kilianzia kwenye achari za bibi.

Zamani zilikaa chini, stoo. Majira ya joto ya mwaka jana mvua iliingiza maji stoo, na tangu hapo bibi anazipanga koridoni, kwenye rafu inayogusa dari. Chupa mia moja sitini na tatu: pilipili hoho za kuchoma, matango, nyanya, cheri na plamu zilizochemshwa ndani ya maji ya sukari. Mbele ya rafu, pipa la bluu la kabichi katika maji ya chumvi, linanifikia kiunoni, nami tangu babu avunjike mguu ndiye ninayelipulizia hewa kwa mrija wa mpira kila baada ya siku moja ili chumvi isitulie chini. Yote hayo yameegemea ukuta uleule ambao upande wa pili una kile kimeza chenye kitambaa cha kufuma. Na kila mwaka hujazwa Septemba, na ifikapo Mei tumekwisha kuyala.

Bibi aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni natazama pipa.

"Linavuja?"

"Halivuji, bibi. Ndilo linaloimeza simu."

Nikamweleza, nikamwonyesha maharage. Alinisikiliza na mkoba mkononi, bila kuvua koti.

"Yaani kabichi yangu," alisema polepole, "inakula maneno."

"Kabichi na chupa. Maji, nadhani. Maji mengi namna hii pamoja ni kama ukuta mwingine."

"Miaka hamsini natia kabichi, na haijamdhuru mtu ila Kuncho, naye alikula peke yake beseni zima." Akaweka mkoba chini. "Halafu nizipeleke wapi? Stoo kuna vyura. Kesho kutwa wageni watapita hapa. Kijiji kizima kinapita koridoni kwangu kuona nimetia ngapi. Dobra wa kanisani ana mia moja na arobaini tu, na anajua kuhesabu."

"Basi nijaribu kidogo tu, bibi. Rafu moja."

Alikubali rafu moja. Niliondoa chupa kumi na nane za usawa wa kimeza, nikampa bibi mkono wa simu, nikamwambia aingie kwa babu. Alikwenda ameushika mbali na mwili kama panya aliyekufa. Alipofika kizingitini akausogeza sikioni, akakunja uso.

"Kuna mwanamke anaongea ndani ya shimo la choo."

"Anasema nini?"

"Anasema saa nane kasoro tano." Akatazama saa ya ukutani. "Na kweli."

Babu alikuwa ameinuka kwenye mito, anatutazama mmoja mmoja. Nilipomweleza, sikufika mwisho. Aliinua kiganja.

"Subiri. Mwaka jana rafu ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo, babu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza."

"Na pipa?"

"Na pipa. Nilikuwa nafagia. Ulisimama baada ya kulipita hatua mbili."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Kisha masikio yake yakaanza kuwa mekundu, kuanzia ncha.

"Kwa hiyo hakukata."

"Nadhani hakukata."

"Na yeye kule alisikia nini? Nilikuwa namwambia wewe hata kiazi hujawahi kupanda, halafu... tii." Akajipiga paji la uso. "Mwaka mzima yule mzee anasema mimi ndiye niliyemkatia! Tsonka! Lete simu!"

"Leo si sikukuu," bibi alisema. "Kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni kumtakia mabaya."

"Sitampongeza, nitamweleza!"

"Utamweleza, atafurahi, ataponyokwa na neno la pongezi, kisha akifa nani atalaumiwa? Kabichi yangu tena." Akavua koti hatimaye. "Utasubiri saa kumi na mbili kama siku zote. Na sauti ile ya chooni haitoshi. Gavril ana sikio moja tu linalofanya kazi. Nedka, shika upande ule."

Sikuelewa mpaka nilipoona amebeba chupa nne kifuani na anaelekea, si stoo, bali chumbani kwa babu. Wageni siku ya jina huja kumwona mwenye jina. Mwenye jina yuko kitandani. Bibi alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba watakaa pale na kutazama kwa saa nzima, badala ya kupita tu koridoni. Tulizipanga chini ya kitanda, juu ya kabati, kwenye dirisha, kandokando ya ukuta wa mwisho, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Siku mbili hatukufanya kazi nyingine. Pipa tulilipunguza maji kwa ndoo, tukalizungusha kwa ukingo wake mpaka kwenye kona ya mlango wa mbele, tukalijaza tena. Ilipofika jioni ya mwisho babu alikuwa amelala katikati ya pilipili na cheri kama mtakatifu kwenye siku yake.

"Nikipiga chafya," alisema, "mtanikusanya kwa fagio."

Asubuhi ya Malaika Wakuu tuliamka kabla ya saa kumi na mbili. Bibi alikuwa amekwisha kupasha mkate, babu amenyolewa na kuvaa shati jeupe juu, blanketi chini. Nilimpa mkono wa simu. Mlio ulikuwa safi. Aliushika kwa mikono miwili, macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu. Mshale ulipogusa saa kamili akabonyeza namba ya Ruse.

Tuut-tuut-tuut.

"Inatumika," alisema. Akabonyeza tena. Inatumika. Mara ya tatu, inatumika. "Anaongea na nani saa hizi? Ana nani mwingine? Anampongeza Mihail wa posta kabla yangu!"

Nilimtazama akibonyeza mara ya nne, jasho linamtoka, na kwa mawazo nikamwona mzee mwingine mbele ya simu nyingine, kule mtoni, amekunja uso uleule.

"Babu, iweke chini."

"Niiweke chini? Nishindwe?"

"Iweke chini nihesabu mpaka ishirini. Tafadhali."

"Ishirini! Vita vimeisha kwa muda mfupi kuliko huo."

Lakini aliiweka juu ya blanketi, akaikodolea macho. Nilihesabu moja, mbili, taratibu. Bibi alikuwa mlangoni, amesahau chupa mbili za matango mikononi. Nilipofika tisa, simu ikalia.

Babu aliikamata kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Hakusema halo.

"Nani alipanda mti?" alinguruma.

Tulisikia jibu sisi sote, maana Babu Gavril huongea kwa kiasi cha sikio lake baya: "MIMI! NA SIMU YAKO ILIKUWA INATUMIKA, ULIKUWA UNAMPIGIA NANI?"

"Wewe, punda!"

"NA MIMI WEWE! MWAKA JANA ULINIKATIA!"

"Sikukata! Wewe hukukata, na mimi sikukata. Kabichi ya Tsonka ndiyo iliyokata!"

Kule Ruse palikuwa kimya. Babu akaniangalia kwa hofu, akaubana mkono wa simu kwenye sikio. "Gavril? Gavril, upo?"

"Nipo," ilisema sauti, safari hii ndogo, mpaka tukalazimika kuegemea ili tusikie. "Nilikuwa nafikiri. Dumu lako lipo hapa mlangoni tangu mwaka jana. Mke wangu anajikwaa nalo kila siku. Sikutaka kulituma, wala sikutaka kulinywa."

Babu alifuta pua kwa mkono wa shati jeupe. "Hilo lilete mwenyewe," alisema. "La mwaka huu nitakupa urudi nalo, maana leo umenipata wewe kwanza, kwa hila za huyu mjukuu wangu. Nimevunjika mguu. Nimeanguka kutoka kwenye mti wangu."

"WAKO?" Babu Gavril akarudia sauti yake ya kawaida. "MTI UMEKUTUPA KWA SABABU SI WAKO! MTI UNAMJUA MWENYEWE!"

Babu akapandisha mori. Nilimwona akitaka kuinuka, mguu wa plasta ukakataa, akaanguka tena kwenye mito na chupa zote zikagongana chini ya kitanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ikambidi agombane amekaa. Mkate ulipoa, mgeni wa kwanza aligonga lango, nao ndugu wale wawili walikuwa bado wako kwenye shina, hawajafika hata kwenye matawi.

Mara babu akakunja uso. "Gavril? Sema tena? Unakwaruza."

Nikageuka. Bibi Tsonka alikuwa amesogea hatua kwa hatua ili asipitwe na neno, sasa amesimama katikati ya mlango, mwili mzima, matango kulia na matango kushoto.

"Bibi," nikamwambia, "sogea kidogo."